Njaa Peke Yake Haipindui Serikali

Iko kauli isemwayo mara kwa mara barazani na mikutanoni, ya kuwa watu wakiisha kuteswa vya kutosha huinuka wenyewe na kumwangusha mtawala wao. Kauli hiyo ina utamu wake, kwani humpa mnyonge matumaini na humtia mdhalimu hofu. Walakini historia haiikubali. Kama mateso peke yake yangalitosha kuleta mapinduzi, ulimwengu huu usingalikaa hata mwaka mmoja bila ya kiti cha mfalme kupinduliwa, kwa maana mateso hayajapata kuadimika popote.

Na tuitazame Urusi. Tumeichagua nchi hiyo kwa sababu moja: watu wale wale, chini ya mfalme yule yule, katika mji mkuu ule ule, waliinuka mara mbili katika muda wa miaka kumi na miwili. Mara ya kwanza, mwaka 1905, walishindwa. Mara ya pili, mwaka 1917, walimwondoa mfalme wao kwa muda wa juma moja tu. Mwenye kutaka kujua kwa nini mapinduzi hufaulu na kwa nini huanguka hapati mizani iliyo bora kuliko hiyo.

Kwanza tuimalize hoja ya njaa. Katika mwaka 1891 na 1892 mavuno yaliharibika katika majimbo ya mto Volga, na watu laki kadhaa walikufa kwa njaa na kwa maradhi ya kipindupindu na homa yaliyoifuata. Palitokea ghasia hapa na pale, lakini kiti cha Tsar hakikutikisika. Mkulima aliyefikwa na njaa aliuza ng'ombe wake, kisha akala mbegu zake, kisha akafa kimya kimya kijijini kwake, wala hakujua kwamba kijiji cha ng'ambo ya pili kinakufa vile vile. Miaka kumi na mitatu baadaye, njaa ikiwa haijafika kiasi kile, nchi nzima ilitetemeka. Ni kitu gani kilichobadilika katikati?

Kilichobadilika ni kwamba watu walikuwa wamekutana. Wakulima wa Urusi waliachwa huru kutoka katika utumwa wa makabaila mwaka 1861, lakini uhuru wenyewe walitakiwa kuulipia, maana ardhi waliyopewa waliandikiwa deni la kulipa kwa miaka 49. Vijana wao wakakimbilia mijini kutafuta fedha. Huko walikuta viwanda vikubwa vilivyojengwa kwa fedha za mabepari wa Ufaransa, Ubelgiji na Uingereza. Kiwanda cha Putilov peke yake, katika mji wa Saint Petersburg, kilikuwa na wafanyakazi wapatao 12,000. Sheria ya mwaka 1897 iliweka mwisho wa kazi kuwa saa kumi na moja na nusu kwa siku, na hiyo ilihesabiwa kuwa rehema. Kugoma kulikuwa kosa. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kosa. Lakini serikali ilisahau kwamba mwenye kuwakusanya watu 12,000 chini ya paa moja amekwisha kuwaitia mkutano, hata kama mkutano wenyewe ameupiga marufuku.

Tena, jambo la kuchekesha, chama kilichoanzisha mambo ya 1905 kilikuwa na idhini ya polisi. Kasisi mmoja, jina lake Georgy Gapon, aliruhusiwa kuwakusanya wafanyakazi ili wanywe chai, wasome, na wasisikilize maneno ya wapinzani wa serikali. Wafanyakazi wachache wa Putilov walipofukuzwa kazi, chama hicho hicho kikawa kiota cha mgomo. Jumapili ya tarehe 22 Januari 1905, maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake na watoto wao, waliandamana kwenda kwenye jumba la mfalme. Walichukua sanamu za watakatifu na picha za Tsar Nicholas wa Pili mwenyewe. Barua yao iliomba kazi ya saa nane kwa siku, ukomeshwe ule uliokuwa vita na Ujapani, na liitwe baraza la kutunga katiba. Hawakuja kupindua, walikuja kushtaki kwa baba yao. Baba hakuwako nyumbani, alikuwa ameondoka mjini, na askari wake wakawapiga risasi wale waliokuja. Mamia waliuawa na kujeruhiwa.

Twasema ya kuwa hapo ndipo serikali ile ilipojikata mshipa wa kwanza. Mpaka asubuhi ya siku ile, mkulima na mfanyakazi wa Kirusi waliamini kwamba mfalme ni mwema na wabaya ni mawaziri wake. Imani ya namna hiyo ni ukuta mnene kuliko ngome ya mawe, wala hapana mwanasiasa wa upinzani aliyeweza kuubomoa kwa vijitabu vyake katika miaka thelathini. Serikali iliubomoa yenyewe kwa mchana mmoja.

Mwaka mzima ulikuwa wa moto. Jeshi la nchi kavu lilishindwa na Wajapani huko Mukden, na mwezi Mei manowari za Urusi zilizamishwa Tsushima baada ya kuizunguka nusu ya dunia, ikiwa ni pamoja na rasi ya kusini mwa Afrika yetu hii. Mwezi Juni mabaharia wa manowari iitwayo Potemkin waliasi katika Bahari Nyeusi. Wakazunguka baharini kwa siku kumi na moja bila ya kuungwa mkono na manowari nyingine ila kidogo, na mwisho wakajisalimisha katika bandari ya Constanța, nchini Romania. Mwezi Oktoba wafanyakazi wa reli waligoma. Ndugu msomaji ajaribu kuufikiri ukubwa wa nchi ile, kutoka Poland hadi Bahari ya Pasifiki, na gari la moshi ndilo lililokuwa mshipa wake wa damu. Reli iliposimama, viwanda vilisimama, barua zilisimama, hata mawaziri walikwenda kumwona mfalme wao kwa mashua. Mjini Saint Petersburg wafanyakazi walichagua baraza lao, nalo liliitwa Soviet, neno ambalo kwa Kirusi maana yake ni baraza tu, wala si zaidi.

Basi kwa nini walishindwa?

Jibu la kwanza ni kwamba Tsar alijua kutoa, na alijua ni nani wa kumpa. Tarehe 30 Oktoba 1905 alitangaza kwamba kutakuwa na Duma, yaani bunge, na uhuru wa kusema na kukutana. Mawakili, walimu wa vyuo na matajiri wa mjini, waliokuwa wakiandamana pamoja na wafanyakazi, waliona wamepata haja yao. Wafanyakazi walipoendelea kudai saa nane za kazi, wenye viwanda, ambao jana walikuwa wakiwalipa mishahara siku za mgomo, leo waliwafungia milango. Muda si muda wakulima nao wakafutiwa lile deni la ardhi. Serikali haikuwashinda watu wote kwa pamoja; iliwachambua kama mchele, ikawashinda fungu kwa fungu.

Jibu la pili ni kwamba kila mmoja aliinuka kwa saa yake. Mabaharia waliasi mwezi Juni, wafanyakazi wa mji mkuu walifikia kilele chao mwezi Oktoba, wakulima walichoma majumba ya makabaila katika miezi iliyofuata, na Moscow ilishika silaha mwezi Desemba, wakati ambapo Soviet ya Saint Petersburg ilikuwa imekwisha kutiwa mbaroni. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini jibu kubwa kuliko yote ni la bunduki, na hapa twaomba tusimame kidogo, maana habari ya Moscow ina mafunzo mengi kwa mtu wa kazi. Askari waliokuwa Moscow penyewe hawakuaminika; makamanda wao waliwafungia kambini kwa kuogopa kwamba wakitolewa nje watajiunga na wenye kugoma. Kwa siku kadhaa mji ulikuwa hauna mwenyewe. Wafanyakazi wenye bastola walijenga vizuizi barabarani. Lau hali ingalibaki vile, hapana ajuaye mwisho wake. Walakini iko njia moja ya reli ambayo haikugoma, nayo ni ile itokayo Saint Petersburg kwenda Moscow. Kwa njia hiyo moja serikali ilileta kikosi cha Semyonovsky, askari wa zamani wa ulinzi wa mfalme, watu waliofunzwa utii kwa miaka, nao wakaipiga mizinga mitaa ya wafanyakazi ya Presnya mpaka ikawaka moto. Migomo ilikuwa imeifunga nchi nzima, ikasahaulika njia moja, na njia hiyo ndiyo iliyopitisha mauti.

Baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Amani na Ujapani ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi huko Portsmouth, Marekani, mwezi Septemba 1905, hivyo jeshi liliweza kurudi. Mwezi Aprili 1906 mabenki ya Ufaransa yaliipa serikali mkopo mkubwa, na serikali yenye fedha za kigeni haina haja ya kuliomba bunge lake ruhusa. Duma ya kwanza ilifunguliwa mwezi Mei 1906 na ikavunjwa mwezi Julai. Waziri Mkuu Stolypin akaweka mahakama za kijeshi zilizohukumu na kunyonga kwa siku chache tu. Dunia ikasema Urusi imetulia.

Hata wapinzani waliamini hivyo. Mwezi Januari 1917 Lenin, akiwa mkimbizi katika mji wa Zürich nchini Uswisi, aliwahutubia vijana juu ya mambo ya 1905, akawaambia kwamba huenda wazee kama yeye wasiishi kuiona siku ya vita vya mwisho. Alikuwa na umri wa miaka 46. Yapata majuma saba baadaye Tsar hakuwa tena Tsar. Tunalitaja jambo hilo si kwa kumcheka mtu, bali kwa kuwa wako watu siku zote wadhanio kwamba mapinduzi hupangwa mezani kama ratiba ya meli. Chama huweza kujiandaa kwa siku ile. Kuichagua siku yenyewe ni jambo jingine.

Siku yenyewe ilichaguliwa na wanawake. Mji mkuu sasa uliitwa Petrograd, na vita vikubwa vya Ulaya vilikuwa katika mwaka wake wa tatu. Ngano ilikuwako nchini, lakini reli zilizochakaa hazikuweza kuifikisha mjini, na mkulima hakuona sababu ya kuuza nafaka kwa noti ambazo hazikununua hata msumari. Wanawake wa viwanda vya nguo walifanya kazi mchana kutwa, kisha wakasimama usiku penye baridi kali kungojea mkate ambao pengine haukuja. Tarehe 8 Machi 1917, siku ya wanawake, waliacha mashine zao, wakaenda kwenye viwanda vya chuma na kuwaita wanaume watoke. (Warusi huyaita mambo haya Mapinduzi ya Februari, kwani kalenda yao ya zamani ilikuwa nyuma ya yetu kwa siku 13.) Viongozi wa vyama wa mtaa ule walikuwa wamewashauri wasigome bado. Hawakusikiliza, na tunaona walifanya vema. Kufika tarehe 10 mji mzima ulikuwa umegoma.

Tsar alikuwa mbali, makao makuu ya jeshi, Mogilev. Alipeleka simu akaamuru fujo zikomeshwe kesho yake. Spika wa Duma alimwonya. Onyo hilo akalipuuza. Tarehe 11, Jumapili, askari walipiga risasi kama walivyopiga mwaka 1905, na watu wengi walianguka. Mpaka jioni ile tofauti baina ya 1905 na 1917 haikuonekana. Mtu yeyote mwenye akili angaliweza kusema kwamba serikali imeshinda tena.

Tofauti ilionekana usiku, ndani ya kambi. Askari wa kikosi cha Volynsky, ambao mchana walikuwa wamefyatua risasi, walikaa wakizungumza. Hawa hawakuwa wale askari wa ulinzi wa zamani. Wale walikuwa wamekufa mashambani mwa Poland na Galicia tangu 1914. Hawa walikuwa vijana walioandikishwa juzi na majeruhi waliopona, wamesongamana kwa maelfu katika kambi zilizojengwa kwa watu wachache, kila mmoja akingojea zamu ya kupelekwa vitani. Walikuwa ni wakulima na wafanyakazi waliovikwa makoti ya kijivu. Sajini mmoja, Timofey Kirpichnikov, aliafikiana na wenzake kwamba kesho hawatatoka kuua. Asubuhi ya tarehe 12 kamanda wao alipokuja, walimkaidi, naye akapigwa risasi akafa. Hapo hapakuwa na kurudi nyuma. Aliyeasi peke yake hunyongwa, basi ilibidi wawe wengi. Wakakimbia kambi ya jirani, na ya pili yake, na jioni askari makumi ya maelfu walikuwa upande wa watu. Tarehe 15 Machi majemadari wenyewe, kwa simu zao kutoka pande zote za vita, walimshauri Tsar aache ufalme. Nasaba ya Romanov ilikuwa imetawala tangu 1613.

Wenzetu wa visiwani wanalijua jambo hili bila ya kwenda Urusi. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote za Unguja na Pemba, lakini kikapewa viti 13 katika 31. Serikali iliyoshika madaraka ikawaachisha kazi polisi wenye asili ya bara, watu waliozijua bunduki na maghala yake. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 maghala hayo yalitekwa, na serikali ile, yenye umri wa mwezi mmoja tangu uhuru, haikuwa na wa kuitetea. Damu nyingi ilimwagika siku zilizofuata, na nyingine ilikuwa ya watu wasio na hatia, hilo halifichwi. Lakini mwenye kuuliza imekuwaje ikaanguka kwa usiku mmoja, na ahesabu kura za Julai na bunduki za Januari.

Kumwondoa mfalme ni nusu ya kazi. Serikali ya Muda iliyoshika Petrograd ilikuwa na watu waungwana, mawakili na wasomi, na ilitoa uhuru ambao Urusi haikupata kuuona. Watu waliitaka itoe mambo matatu: vita viishe, ardhi igawanywe, mkate upatikane. Ikajibu kwamba yote hayo yangojee Baraza la Kutunga Katiba, na baraza lenyewe likaahirishwa mara kwa mara. Mwezi Julai ikawarudisha askari katika mashambulizi mapya, ili kuwaridhisha Waingereza na Wafaransa, nayo mashambulizi yakaishia katika kushindwa. Huwezi kumwambia mkulima angoje ardhi, kisha ukampeleka afe kabla ya kuipata.

Mwezi Septemba Jemadari Kornilov alituma vikosi kuuteka mji mkuu, kwa nia ya kuyazima mabaraza ya wafanyakazi. Na hapa ile njia ya reli ya 1905 inarudi katika habari yetu. Safari hii watu wa reli hawakuisahau. Waling'oa mataruma, waliyapeleka mabehewa katika njia zisizokwenda popote, na watu wa simu walikataa kuzipitisha amri za jemadari. Wajumbe wa Petrograd wakaenda kuzungumza na askari penye magari yaliyokwama. Vikosi viliyeyuka karibu bila ya risasi kupigwa. Toka siku ile Wabolsheviki, ambao Lenin aliyerudi mwezi Aprili alikuwa akiwahimiza kudai amani, ardhi na mamlaka kwa mabaraza, walipata wingi katika Soviet za Petrograd na Moscow, na tarehe 7 Novemba 1917 wakaichukua serikali ambayo hakuna aliyetaka kufa kwa ajili yake. Siku ya pili yake walitangaza amri mbili, ya amani na ya ardhi. Mambo yaliyoshindikana kwa miezi minane yalitangazwa kwa usiku mmoja.

Sudan ilionyesha upande wa pili wa jambo hili. Mwezi Aprili 2019, baada ya miezi minne ya maandamano, Omar al-Bashir aliondolewa baada ya kutawala kwa miaka thelathini. Watu walikuwa na umoja, walikuwa na vyama vya wafanyakazi na vya wataalamu, na walikuwa na ushujaa usio na kifani. Lakini majemadari walimtoa mtu mmoja, bunduki wakabaki nazo. Mwezi Oktoba 2021 waliipindua serikali ya pamoja na raia, na mwezi Aprili 2023 wenye bunduki hao wakageukiana wenyewe kwa wenyewe, mji wa Khartoum ukawa uwanja wa vita. Petrograd askari waliwaacha makamanda wao wakaja kwa watu. Khartoum askari walibaki na makamanda wao.

Je, yale ya Urusi tuseme yalifaulu? Ardhi iligawanywa, makabaila waliondoka, na jina la mfanyakazi likaheshimiwa mahali ambapo lilikuwa tusi. Lakini lile Baraza la Kutunga Katiba, lililongojewa na watu kwa muda mrefu, lilikutana siku moja tu, tarehe 18 Januari 1918, likafungwa kwa sababu Wabolsheviki walipata yapata robo tu ya kura. Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, na majeshi ya kigeni, na nafaka ya mkulima ikachukuliwa kwa nguvu. Mwezi Machi 1921 mabaharia wa ngome ya Kronstadt, waliokuwa fahari ya mapinduzi mwaka 1917, walidai uchaguzi huru wa Soviet na uhuru wa kusema kwa wafanyakazi na wakulima. Walipelekewa jeshi juu ya barafu. Chama kilikuwa katika mkutano wake mkuu mjini Moscow siku zile zile, na wajumbe zaidi ya mia tatu waliacha viti vyao wakaenda kupigana na mabaharia. Waliobaki mkutanoni walikata mashauri mawili makubwa: mkulima aachiwe nafaka yake baada ya kulipa kodi, na makundi yenye maoni tofauti ndani ya chama yapigwe marufuku. Shauri la kwanza lilidumu kwa miaka minane hivi. La pili lilidumu mpaka karibu na mwisho wa dola yenyewe, ambayo ilivunjika mwezi Desemba 1991.